Karatasi ya Mahari ya Mama Angélique

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Kabondo, Lydie alikuwa amekwisha kuchota maji, kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kufunga vifurushi vya kwanga, mikate ya muhogo, ambavyo mama yake aliuza sokoni. Mama Angélique alipanda toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, akiwa na beseni lake mapajani. Lydie alikwenda shuleni kwa miguu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Jumatatu moja alirudi nyumbani kabla ya saa tatu. Alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya karo. Kufukuzwa tu angevumilia, maana hakuwa peke yake. Kilichomchoma ni swali la mwalimu mbele ya darasa zima: "Baba yako hakuwa askari? Serikali haiwalipi?"

Haikuwalipa. Sajenti Amuri, baba yake Lydie, alikufa vitani miaka mitatu iliyopita, na mjane wake alistahili pensheni ya kila mwezi. Mama Angélique alikuwa amekwenda ofisi ya wajane mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja aliambiwa faili lake halina uthibitisho wa ndoa.

Uthibitisho huo ulikuwepo. Katika familia zao mahari huandikwa: mbuzi wangapi, vitenge vingapi, taa, sufuria, na chini yake wakubwa wa pande zote mbili hutia sahihi. Karatasi ya upande wa mume ilikaa ndani ya sanduku la chuma la Amuri. Na sanduku hilo lilichukuliwa na tonton Ruphin, mdogo wake Amuri, siku ya tatu baada ya maziko. Watu wengine huja msibani na machozi. Ruphin alikuja na mkokoteni. Alibeba sanduku, godoro, redio, hata viatu vya marehemu.

Jioni ile mama na binti walikwenda kwake kumwomba tena. Walimkuta anakula, wala hakuwakaribisha.

"Karatasi ya nini?" alisema huku akitafuna. "Ile mahari, dot yake, haiyaisha! Kunabakia mbuzi mbili na mashini ya kushona. Mwanamuke mwenye dot yake haiyaisha, iko bibi ya nani? Bon, tusikilizane. Kila mwezi munanipatia nusu ya ile pesa, na miye nitatafuta karatasi."

Lydie alimtazama mama yake, akingoja amjibu. Mama aliinamisha kichwa. Hapo ndipo hasira ilipompanda Lydie, kwa sababu alitambua kwamba mama aliyaamini maneno yale. Tangu ajaliwe mtoto aliona aibu kwamba mahari yake haikumalizika. Kwa aibu hiyohiyo hakuwahi kwenda kijijini kwao Yanonge kuomba msaada wa kaka yake, Léon, ambaye hakupata mbuzi wake.

"Kama wao ni wezi, na mimi sitakufa na njaa kwa kuwa mwema," Lydie alijiambia.

Kesho yake mama alimpa faranga elfu tano anunue mafuta ya mawese. Lydie hakwenda kwa muuza mafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Gédéon, kijana wa kutoa fotokopi, ambaye watu walisema ana mihuri yote ya dunia ndani ya droo moja.

"Cheti ya ndoa, ile ya komini ya serikali? Iko rahisi," Gédéon alicheka. "Niambie tu tarehe."

Lydie alifikiri kidogo. Alizaliwa mwaka 2012. "Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano, 2011."

Baada ya nusu saa alikuwa na cheti chenye muhuri wa rangi ya buluu. Alikichomeka kwenye faili la mama bila kumwambia, na usiku huo walikula sombe isiyo na mafuta.

Siku ya Alhamisi walikwenda ofisini. Safari hii mezani alikuwapo Adjudant Adèle, askari mwanamke aliyehamia pale karibuni. Alisoma karatasi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye cheti alisimama, akatoa kabatini faili la utumishi la Amuri, akalinganisha.

"Mama, tarehe kumi na mbili mwezi wa tano 2011 mulioana hapa Kisangani?"

"Ndoa gani, shefu?" Mama Angélique alishangaa.

"Ile siku bwana yako alikuwa kwa mafunzo, kule Kitona, karibu na bahari. Imeandikwa humu. Anaoa Kisangani na anapiga mazoezi Kitona siku moja?" Adèle alipiga meza kwa kiganja. "Munajua bajane ngapi dossier, faili yao, ilifungwa juu ya karatasi kama hii?"

Lydie alisimama. "Ni miye. Mama hajui kitu."

Mama alimgeukia. Lydie hakuwahi kuyaona macho yale. "Miaka tatu minauza kwanga, sijaiba hata mutu mumoja! Na weye unanifanya mwizi mbele ya serikali?"

Lydie alilia, lakini hakunyamaza. "Na wao je? Mara kumi na moja unakuja hapa! 'Rudi kesho, rudi kesho.' Hakuna hata mumoja alikuambia ufanye nini!"

Adjudant Adèle alivua miwani yake, akaifuta polepole.

"Kwa ile, mutoto anasema kweli," alisema. Akakichana kile cheti vipande vinne. "Hii ingeingia kwa rejista, haki yenu ingekufa leo. Sasa mama, uniambie bila kuficha. Dot ilitoka?"

"Ilitoka, lakini haiyaisha."

"Waliandika?"

"Karatasi mbili, shefu. Moja kwao, moja kwetu, kwa kaka yangu Yanonge."

"Mbili! Na unakaa kimya miaka tatu? Deni ya mbuzi iko kati ya bakwe. Haiondoe bibi kwa bwana yake. Lete ile karatasi, na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, asikilize familia zote mbili. Ataandika uthibitisho, na miye nitapokea."

Jumamosi walipanda mashua kushuka mto hadi Yanonge. Mjomba Léon aliwasikiliza, kisha akafoka. "Ulifikiri nitakudai mbuzi juu ya kaburi ya bwana yako? Sisi iko bandugu gani?" Alitoa karatasi ndani ya Biblia yake, akavaa koti, akarudi nao mjini.

Mbele ya shefu wa kartie, tonton Ruphin alirudia hotuba yake ya mbuzi na mashine. Alipomaliza, mjomba Léon alimpa Lydie karatasi aisome. Lydie alisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mstari wa mwisho: "Sisi familia ya Amuri tumepokea bibi yetu Angélique. Mbuzi mbili na mashini tutaleta nyuma ya ndoa, sisi wenyewe. Shahidi: Ruphin."

Sahihi ilikuwa yake mwenyewe. Ruphin alianza kutoka jasho.

"Kumbe weye ndiye uliahidi mbuzi!" shefu alinguruma. "Unamunyima mwanamuke haki yake juu ya deni yako mwenyewe? Tia sahihi hapa. Na lile sanduku lirudi leo."

Lilirudi, ingawa godoro na redio vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Mama Angélique hakusahau elfu tano za mafuta: kwa Jumamosi nne Lydie aliuza kwanga kwenye jua kali mpaka zikatimia.

Miezi minne baadaye pensheni ya kwanza ilitoka. Karo ililipwa. Mama alipokwisha kutia sahihi daftarini, Adjudant Adèle alimwita Lydie.

"Weye bado iko na hasira?"

"Ndiyo, shefu."

"Kaa nayo. Walikukosea, na miye pia ofisi yangu ilikukosea. Lakini haki yenu ilikuwa nzima ndani ya Biblia ya mujomba wako, na ni weye ulikaribia kuiua, hapana Ruphin. Njia ya mwongo ni fupi. Mwenye haki akidanganya, anamupa mwizi wake ushindi wa bure. Kasirika, mutoto yangu, lakini kasirika na karatasi ya kweli mukononi."