Kikombe cha Clemens

Jioni hiyo Mama alinituma kwenye kibanda cha mapipa nikachote divai mpya. Kwetu Ushirombo tulikuwa na mizabibu tangu babu apewe pingili na mapadri, na kila msimu kikombe cha kwanza hakinywewi. Kinamwagwa kizingitini, marehemu wetu wakitajwa mmoja mmoja. Aliye hai hatajwi ng'o! Akitajwa, nyumba haimpokei tena.

Ndiyo maana Baba alikataa katakata kumtaja kaka yangu Clemens, aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita vita vya Kagera vilipokwisha, akapotea kimya. "Mwanangu atarudi," alisema kila msimu.

Lakini msimu ule Baba alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto. Mama ndiye aliyeshika kikombe.

"Mama, usithubutu," nilinong'ona.

"Coletha, nimechoka kungoja. Niache nimlilie mwanangu."

Akamtaja.

Akamwaga.

Kuku wakanyamaza bandani. Harufu ya divai ikakatika, ikaja ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa shimoni. Kisha hatua uani... moja... nyingine...

"Hodi."

Jamani, sauti ya kaka yangu niisahau? Mama alidondosha kikombe.

"Karibu, baba! Ingia, Clemens wangu!"

Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, tope mpaka kwenye kope, akihema kwa shida.

"Siwezi, Mama... Mlango umefungwa."

Mlango ulikuwa wazi.

Nilimrukia nimvute mkono. Nikashika hewa tupu, baridi, na uani hapakuwa na mtu. Nililia mpaka nikatapika.

Keshokutwa yake akaja kijana mmoja, Maige, mchimbaji mwenzake Clemens. Alitusalimia shikamoo, akainama.

"Duara letu la kuchimbia lilituporomokea. Clemens akabaki chini, lakini mzima, mama. Tulimsikia akigonga mwamba, tukachimba usiku na mchana. Juzi jioni tulikuwa tunakaribia kumfikia... akanyamaza ghafla."

"Juzi jioni?" Mama aliuliza.

"Kuku wakiingia bandani."

Mama akamuuliza kama amekula.

Baba aliporudi tulimwambia mwanawe amefia shimoni. Habari ya kikombe hatukuthubutu. Uchungu wake ulitutosha.

Ila kila zabibu zikiiva, giza likianza kuingia, mtu huhema nje ya mlango wetu. Mama huufungua wote, akamkaribisha, karibu baba, karibu, mpaka sauti inamkauka.