Sauti Iliyojaza Korongo

Kila alfajiri, kabla jua halijagusa paa la nyumba yao huko Moshono, Naisula alikuwa na kazi mbili: kumshika ndama wakati bibi yake akikamua, kisha kufagia ua. Kazi ya kwanza haikumpa taabu. Ndama yule aliwapiga mateke watu wote wa nyumba, lakini Naisula alipomsemesha alisimama kimya. Masikio yalimwelekea, macho yakatulia, akawa kama kiumbe kilichosahau njaa yake.

"Hebu mwache apumue," alisema asubuhi moja bibi yake, ambaye nyumbani walimwita Koko. "Ukimsemesha hivyo, hata kunyonya hakumbuki."

"Si ananipenda, Koko?"

"Sijui kama anakupenda. Naona ameganda tu."

Naisula alicheka. "Leo nawahutubia wenzangu. Ijumaa tunapiga kura ya kiranja mkuu."

"Umejiombea mwenyewe?" Koko aliinua uso kutoka kwenye kibuyu cha maziwa. "Kwetu msemaji wa rika haombi. Wenzake humvizia wakamkamata, maana angejua mapema angekimbia."

"Koko jamani, hao ni morani! Sisi ni darasa la sita."

"Haya, darasa la sita. Mimi nimesema."

Mwenyezi Mungu alikuwa amemjalia Naisula kipawa kisichoelezeka kwa urahisi. Hakuwa mrefu, wala hakuwa wa kwanza katika masomo. Lakini aliponena, watu waligeuka. Juma lililotangulia, wakati wa chakula cha mchana, alisema kwamba makande hayana chumvi. Meza nzima ikasukuma bakuli pembeni, hata wale waliokwisha kuyasifu. Naisula hakuwa ameyaonja bado. Alipoyaonja, akakuta chumvi imekolea. Akatazama bakuli zile zilizoachwa, akahisi baridi ndogo shingoni. Hata hivyo hakuwaambia kwamba amekosea.

Mpinzani wake alikuwa Lesian, mvulana wa darasa lake aliyechunga mbuzi siku zisizo za shule. Lesian alisema polepole, akitazama vidole vya miguu yake, na mara nyingi watu waliondoka kabla hajamaliza.

Mchana ule walimu walikuwa kwenye kikao. Naisula aliwaongoza wanafunzi arobaini nyuma ya shule, wakashuka katika korongo. Mwalimu Kandida alikuwa amekwisha kuwakataza kuteremka humo wakati wa masika. Lakini Naisula alikuwa amegundua kwamba kuta mbili za udongo huirudisha sauti, ikawa nene na nzito, kana kwamba mtu mwingine, asiyeonekana, ananena pamoja naye.

"Mwalimu alikataza," alisema Lesian.

"Kwa sababu ya mvua," alijibu Naisula. "Tazameni juu. Mvua iko wapi?"

Wote wakatazama juu. Anga lilikuwa jeupe. Wote wakatikisa vichwa.

Lesian akanyoosha kidole upande wa Mlima Meru, ambao kilele chake kilikuwa kimemezwa na wingu jeusi. "Kule juu kumefunga tangu asubuhi. Maji ya kule hupita hapa."

"Lesian, hivi unaogopa mvua inayowanyeshea nyani?"

Kicheko kikalipuka. Naisula akainua mkono, nacho kikakatika mara moja, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Hakuna aliyebaki akikohoa wala kutabasamu.

"Kaeni chini. Nitakalosema, na ninyi semeni."

"Nitakalosema, na ninyi semeni," wakaitika.

Aliwaambia juu ya zamu za usafi, juu ya madawati, juu ya michezo. Kila sentensi waliirudia, na kuta zikairudia mara ya tatu. Kadiri alivyoendelea, ndivyo nyuso zile arobaini zilivyozidi kufanana: midomo wazi kidogo, macho yasiyopepesa. Hope, mtoto wa darasa la pili aliyekaa mbele kabisa, alikuwa na nzi juu ya shavu lake, naye hakumfukuza.

Ndipo Naisula alipotambua kwamba ndege wamenyamaza. Hewa ilipoa ghafla, ikaleta harufu ya udongo uliolowa, ingawa hapakuwa na tone lililoanguka. Uzi mwembamba wa maji ukapita katika mchanga mweusi, kati ya viatu vya watoto. Na kutoka juu ya korongo, mbali, alisikia mngurumo mzito, kama mawe yanayosagana tumboni mwa ardhi.

Alijua ni nini. Alijua kabisa. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, na utamu wa macho yale ulimshika ulimi. Akajiambia: sentensi moja tu. Akaisema. Kisha akasema nyingine.

"Maji!" Lesian alipiga kelele kutoka nyuma. "Inukeni, maji yanakuja!"

Hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka.

Hapo hofu ikamwingia Naisula mpaka kwenye mifupa. "Tokeni!" akasema.

"Tokeni!" wakaitika wote, wakiwa wamekaa.

"Sifanyi mzaha! Pandeni juu!"

"Sifanyi mzaha! Pandeni juu!" wakarudia kwa furaha, wakipiga makofi, na kuta zikarudia, na ile sauti ya pili, nene na nzito, ikacheza juu ya vichwa vyao. Uzi wa maji ulikuwa umekuwa kijito. Watoto walikuwa wamelowa, nao walimtazama yeye.

Lesian hakujaribu kusema tena. Alipenya mpaka mbele, akamshika Hope kwa mkono mmoja, na mwenzake kwa mkono wa pili, akawavuta kuelekea ukingoni kama avutavyo mbuzi wakaidi. Naisula akamwona. Akafumba kinywa, akawapa wenzake kisogo, akambeba mtoto aliyekuwa karibu, akaanza kupanda.

Kimya kikaanguka. Pasipo sauti ile, watoto walitazamana kama waliozinduliwa usingizini, na kwa mara ya kwanza kila mmoja akausikia mngurumo kwa masikio yake mwenyewe. Wakapiga mayowe. Wakaparamia ukingo kwa magoti na kwa kucha, wakubwa wakiwasukuma wadogo. Wa mwisho alikuwa hajasimama vizuri juu wakati maji ya rangi ya matope yalipofika, yakiviringisha mawe na gogo zima la mti. Viatu, sweta na mifuko ya madaftari vikaenda. Mahali alipokuwa amekaa Hope hapakuonekana tena.

Mwalimu Kandida alifika akikimbia, pumzi zikimwishia. Akawahesabu, kisha akawahesabu tena. Walitimia. Hapo ndipo alipokaa kwenye nyasi na kujifunika uso.

Kesho yake, mstarini, Naisula aliomba kusema. Alieleza yote: kwamba alivunja amri, kwamba alimdhihaki Lesian, kwamba ni yeye aliyewaingiza katika hatari. Alipomaliza, shule nzima ililipuka kwa makofi.

"Msipige makofi," aliwaambia.

Makofi yakakatika mara moja. Naisula akahisi tena baridi ile shingoni, akamgeukia mwalimu kwa macho ya kuomba msaada.

"Leo hakuna kushangilia wala kuitika," alisema Mwalimu Kandida. "Leo ni kuuliza. Tutasimama hapa mpaka mmoja aulize."

Hatimaye mkono mdogo ukainuka. Alikuwa Hope.

"Dada Naisula, wewe uliyasikia maji mapema?"

"Niliyasikia."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Niliona raha."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Prosper wa darasa la tano, aliyepoteza viatu vyake vipya, alikunja uso. "Kwa hiyo sisi tufe ili wewe uone raha?"

"Hapana. Nisamehe, Prosper. Na wewe, Lesian, nilikucheka mbele ya watu."

Lesian alitazama vidole vya miguu yake. "Hata mimi nilicheka," alisema polepole, na siku ile wote walimngoja amalize. "Uliposema habari za nyani, nilicheka. Nilikuwa najicheka mwenyewe na sikujua kwa nini. Ndiyo maana niliiogopa sauti yako."

Ijumaa walipiga kura kwa karatasi za siri. Lesian alichaguliwa kiranja mkuu. Jambo la kwanza aliloagiza lilikuwa kwamba yeyote atakayehutubia mstarini, hata yeye mwenyewe, ataulizwa maswali kabla hajashuka. Jambo la pili lilikuwa kumwomba Naisula awe msaidizi wake, naye akakubali baada ya kufikiri siku mbili.

Mwalimu Kandida aliwakusanya kwa mara ya mwisho juu ya jambo lile.

"Wanangu," alisema, "mvuto wa kiongozi si dhambi. Ni amana kutoka kwa Mungu, kama nguvu za mikono au wepesi wa akili, na kila amana ina hesabu yake siku ya mwisho. Mwenye mvuto aweza kuwatoa watu katika hatari; aweza pia kuwakalisha ndani yake huku wakishangilia. Naisula alikosea, lakini hakukosea peke yake. Watu arobaini waliyaacha masikio yao nyumbani. Mkiwa wakubwa mtasimama kwenye viwanja vikubwa kuliko hiki, na watu wenye ndimi tamu watawaomba uongozi wa mtaa, wa mji na wa nchi. Wasikilizeni. Lakini ukijiona unaitika kabla hujafikiri, nyamaza, kisha uliza swali moja. Msemaji akifurahi kuulizwa, endelea kumsikiliza. Akikasirika, ondoka hapo upesi, hata kama wenzako wote wamekaa. Mmenielewa?"

Midomo mia tatu ilifunguka kuitika "Ndiyo, mwalimu," kisha ikasita.

"Mwalimu," Hope alisema, mkono ukiwa juu, "mimi nina swali."