Ndama wa Mlangoni kwa Pulkeria

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mjane Pulkeria alikutwa amelala kifudifudi mlangoni pake, kijijini Kibingo, kichwa kimepasuliwa kwa panga. Mgongoni mwake alikuwa amewekwa ndama mfu, miguu ya mbele imepinda kama mundu.

Koplo Avelina, mpelelezi aliyekulia zizini, alifika saa mbili. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kumfunga kamba jirani wa marehemu, Aristides.

"Juzi ng'ombe wake alizaa kilema, wa nne kijijini mwaka huu," alisema Mzee Mwebesa, mwenye fahali anayepanda ng'ombe wote wa kijiji. "Ndama wa mjane tu ndiye mzima. Huyu akatangaza kwamba mjane anawaroga."

"Nilitangaza," alisema Aristides, mdomo ukivuja damu. "Mbona alimtembeza ng'ombe wake mpaka kijiji cha Bweranyange kupandwa, na dume lipo hapa? Lakini sikuua."

"Ndama huyu ni wako?" aliuliza Avelina.

"Sijui, afande. Wangu nilimtupa korongoni. Kilema hatazamwi mara mbili."

"Dume au jike?"

"Jike."

Avelina alichuchumaa, akainua mkia wa ndama. Dume. Kitovu kilikuwa bado kibichi: alizaliwa jana, si juzi.

"Jana ng'ombe wa nani alizaa?"

"Hakuna," alijibu Mwebesa upesi.

Avelina alipita zizi kwa zizi. Katika la tatu, la Mwebesa mwenyewe, ng'ombe wa kahawia alikuwa akilia, kondo la nyuma likining'inia.

"Shikamoo tena, mzee. Ndama wa huyu yuko wapi?"

Mwebesa alimsogelea ng'ombe, akaanza kumpapasa mgongo.

"Ng'ombe wa hapa ni mabinti wa fahali wako, na bado anawapanda. Kilema kimo katika damu yake. Baba akikutana na binti, kinajitokeza. Pulkeria alilijua hilo, ndiyo maana akaenda Bweranyange."

"Angelisema kwenye mkutano wa kijiji leo," alisema Mwebesa kwa utulivu. "Nilimsihi, akacheka. Miaka kumi watu wananiheshimu kwa sababu ya fahali yule. Ningebaki nani?"

"Na Aristides, uliyemsingizia kwa ndama huyo? Wangemchoma moto."

"Angejifunza kufunga mdomo."

Avelina alimtia pingu. Njiani, Anastazi, mwanakijiji aliyemfunga Aristides kamba, aliwakimbilia akihema.

"Afande, swali dogo."

"Sema."

"Fahali atabaki na nani? Ng'ombe wangu anataka dume leo."

Nyuma yake, hakuna aliyekuwa amemfungua Aristides.