Kahawa ya Wageni na Vidonge vya Evelyne

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kufungia mbuzi, Evelyne aliketi mezani na kufungua vitabu vyake. Alikuwa darasa la saba huko Izimbya, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa umekaribia. Wazazi wake walifanya kazi Mwanza, kwa hiyo aliishi na bibi yake, Theopista, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Waliishi kwa raha. Ndizi hazikukosekana, na Bibi alijua kuzipika.

Bibi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kumsifu mjukuu wake. Kila aliyepita njiani aliambiwa, "Huyu wangu atakuwa daktari. Ngojeni mwone." Evelyne alitabasamu, lakini moyoni aliogopa. Je, akifeli, Bibi ataficha wapi uso wake?

Basi akaamua kusoma mpaka usiku wa manane. Kikwazo kilikuwa usingizi. Sebuleni kwa Bibi, kama katika nyumba nyingi za Wahaya, kulikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa azitafune anapokaribishwa. Evelyne akaanza kuzichota kimyakimya, na kweli macho yakagoma kufumbika.

Muda si mrefu mwili nao ukagoma. Mafua yalikuja, yakaondoka, yakarudi. Vidonda vikamtoka mdomoni. Siku ya mtihani wa majaribio alishinda kitandani na homa, wenzake wakaufanya bila yeye. Alilia sana siku hiyo. Je, ikiwa hivyo hivyo siku ya mtihani wenyewe?

Baba yake mdogo, Joackim, alipopata habari alikuja kutoka Bukoba mjini na kopo la vidonge vya vitamini. "Hivi vinaongeza kinga ya mwili," alisema. "Meza kimoja kwa siku."

Evelyne aliona kimoja ni kidogo mno kwa mtu mwenye haraka. Kahawa ifukuze usingizi, vidonge vifukuze mafua, yeye asome. Alijiona mjanja kwelikweli. Akawa anavimeza kama anayekula karanga. Tumbo likaanza kumsokota, na mafua hayakwenda popote.

Jumamosi moja Shangazi Klaudia, tabibu katika zahanati moja ya Muleba, alikuja kuwasalimia akiwa na baba mkwe wake, mzee Karugendo. Evelyne alipiga magoti akawaamkia.

"Karibuni, waitu," Bibi alisema kwa furaha, akitumia neno la heshima la Kihaya. "Evelyne, waletee wageni kahawa."

Evelyne hakuinuka. Bibi akakifuata kikapu mwenyewe, akakifunua, akabaki amekishika. Kilikuwa kitupu. Kumkosesha mkwe kahawa ni aibu.

"Usijali, mama," mzee Karugendo alisema akicheka. "Leo tutatafuna mazungumzo."

Evelyne angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemshuku. Lakini alipoutazama uso wa Bibi alishindwa kuvumilia. "Ni mimi, Bibi. Nimezitafuna zote ili nisilale. Nisamehe."

Shangazi Klaudia alimsogeza karibu, akaviona vidonda vya mdomoni, akaomba kuletewa kopo la vidonge. Alilitikisa. Vilikuwa vimebaki vichache sana.

"Vidonge hivi si vibaya," alisema. "Humsaidia mtu aliyepungukiwa, tena kwa kipimo. Lakini haviwezi kufanya kazi ya usingizi. Mtu akikesha na kuwa na hofu kila siku, kinga yake hupungua nguvu, na mafua yakija yanakuta mlango wazi. Ukizidisha vidonge, unaliumiza tumbo bure. Sasa niambie, unaogopa nini?"

Evelyne aliinamisha kichwa. "Naogopa nikifeli Bibi ataaibika mbele ya watu."

Bibi aliweka kikapu chini taratibu. Aliumia kusikia hivyo. "Kumbe ni mimi niliyekutwisha mzigo," alisema. "Mjukuu wangu, ufaulu au ufeli, wewe ni wangu. Sitakusifu tena kwa wapita njia."

Tangu hapo mambo yakabadilika. Evelyne alisoma mapema pamoja na jirani yake Lilian, kisha wakacheza rede uani. Alikula maharage, mchicha na mapapai, akalala mapema. Bibi alijizuia kumsifu, ingawa mara moja moja ulimi ulimtoroka. Vidonda vilipona, mafua yakakoma.

Mtihani ulipofika, Evelyne aliingia chumba cha mtihani akiwa mzima. Baadhi ya maswali yalimtoa jasho, lakini aliyajibu yote kwa utulivu. Aliporudi nyumbani siku ya mwisho, Bibi hakumuuliza hata swali moja la mtihani. Alimpakulia chakula tu, akaketi kumtazama akila.

Jioni Shangazi Klaudia alipiga simu. "Usiku ulilala?"

"Nililala, shangazi. Bibi ndiye aliyeniamsha."

"Basi umeshafaulu mtihani wangu," Shangazi alisema. "Bidii ni nzuri, mwanangu, lakini mwenye bidii naye anahitaji kula, kulala na kusema yanayomsumbua. Hayo hayauzwi kwenye kopo."

Evelyne alimpa Bibi simu, akaenda kumwita Lilian wakacheze.