Kiraka cha Mia Moja

Kila siku alipotoka shule, Kwanini alifanya mambo matatu kabla hata hajavua sare. Alimsalimia shangazi yake, akafagia vinyuzi chini ya cherehani, kisha akaanza maswali. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Nyumbani, shuleni na kwa kinyozi wa jirani, wote walimwita Kwanini, na hapakuwa na haja ya kueleza sababu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye maswali ya mzee wa miaka themanini.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia nguo na pasi ya mkaa. Ukutani, mahali ambapo mafundi wengine hutundika picha za mitindo ya magauni, yeye alitundika shuka moja kubwa jeupe lililojaa viraka. Juu kabisa palikuwa na maneno makubwa: ACHENI VITA, KAENI MZUNGUMZE. Na kila kiraka kilitariziwa maneno machache kwa uzi wa buluu. "Mwashi, baba wa watoto watatu." "Mwanafunzi, alipenda hesabu." "Bibi, mfuga kuku." Hao wote walikuwa wameuawa katika vita vya ng'ambo ya mpaka.

Vita hivyo vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Mpaka ulikuwa mwendo wa siku moja kwa lori, kwa hiyo mtaani pale hapakukosekana mtu aliyepoteza ndugu, rafiki au mteja. Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, Shangazi na wenzake kama ishirini walilipeleka shuka hilo kwenye uwanja wa posta, wakalishika pindo, wakasimama kimya kwa nusu saa.

"Shangazi, kwa nini hampigi kelele? Mtu mwenye hasira si hupiga kelele?"

"Bunduki zimeshapiga kelele za kutosha, mwanangu."

"Na kwa nini hamwandiki majina yao?"

"Wengine wana ndugu waliobaki kule. Jina laweza kumponza aliye hai. Ukitaja kazi ya mtu, anayempenda atamtambua."

"Na kwa nini..."

"Na kwa nini wewe chai yako inapoa?" Shangazi alimkatiza, na wote wawili wakacheka.

Jambo lililomshangaza Kwanini kuliko yote ni kile kigoda kilichowekwa kando ya cherehani. Mteja hakukikalia hata siku moja. Kilikuwa cha waliofiwa. Shangazi na wenzake walikuwa na sharti: hakuna kiraka kinachoshonwa mpaka aliyefiwa aje mwenyewe, akae pale, aseme kwa mdomo wake. Angeeleza mtu wake alikuwa nani, alicheka vipi, alipenda nini. Shangazi angesikiliza huku akitarizi polepole, na mshono wa mwisho aliyefiwa aliutia mwenyewe. Mzee mmoja alikuja siku tatu mfululizo, akakaa, akanyamaza, akaenda zake. Siku ya nne ndipo aliposema.

"Kwa nini usingemshonea tu siku ya kwanza?" Kwanini aliuliza. "Si mtaa mzima ulijua mwanawe amekufa?"

"Msiba ni wake. Mimi ni nani hata nimtangulie?" alijibu Shangazi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Basi ikatangazwa kwamba Jumamosi iliyofuata patafanyika mkutano mkubwa wa amani. Wangekuja watu wa mitaa yote ya jirani, na mtangazaji wa redio angekuwapo. Mwenyekiti wa mtaa alitoa ruhusa, ila kwa shingo upande. Alikuja mwenyewe kwa Shangazi, akasimama mlangoni na kofia yake kichwani.

"Fundi, wafanyabiashara wananilalamikia," alisema. "Wanasema mnawatisha wateja, na vifo mnavitia chumvi."

"Hatujatia hata punje, Mwenyekiti. Kila kiraka kina mwenyewe."

"Haya. Lakini nikikuta hata kimoja cha uongo, uwanja wa posta mtausikia tu. Hamtasimama pale tena."

Kwanini alisikia kila neno. Jioni ile alipanda juu ya meza ya kukatia, akavihesabu viraka kimoja kimoja. Vilikuwa tisini na tisa. Pembeni chini ilibaki nafasi moja tupu. Loo, tisini na tisa! Mtangazaji atasema nini? Mia moja ingejaa mdomoni vizuri zaidi.

Siku ya Alhamisi alitumwa kwa kinyozi kupeleka aproni iliyoshonwa upya. Kinyozi yule alikuwa na mikasi miwili, na wa pili ulikuwa ulimi wake.

"Yule kijana wa Mama Upawa, dereva wa lori, amekwisha," alikuwa akimwambia mteja. "Miezi mitatu hajapiga simu. Kuna lori limeonekana ng'ambo limeungua majivu."

"Masikini! Mama yake anajua?"

"Nani wa kumwambia? Ila lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Kwanini alitoka pale miguu mizito. Mama Upawa alikuwa mpishi wa shule yao. Alipewa jina hilo kwa sababu ya upawa wake mrefu, ambao alikorogea sufuria na kuwatishia nao watoto waruka foleni. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini hakuna mtoto aliyewahi kuondoka kwake na njaa. Siku hizi maharage yake yalikuwa yakiungua, na yeye alikuwa akitazama barabara badala ya sufuria. Kwanini alimhurumia kweli. Lakini tusidanganyane, katika huruma ile ilikuwemo pia ile nafasi moja tupu.

Ijumaa mchana Shangazi alikwenda kuonana na wenzake kuhusu mkutano. Kwanini alibaki peke yake. Alikata kitambaa, akatunga uzi wa buluu kwenye sindano, akaketi. Kutarizi alifundishwa na Shangazi mwenyewe. Alitarizi: "Dereva wa lori, mtoto wa Mama Upawa." Alikitazama kile kigoda mara moja, akageuza uso haraka. Akajiambia kwamba Mama Upawa atafurahi kuona mwanawe amekumbukwa. Alipomaliza, alikishonea kwenye ile nafasi tupu, akalikunja shuka vizuri, akalitia kwenye mfuko.

"Nimeshalikunja, Shangazi," alisema jioni.

"Asante, mwanangu. Umenipunguzia kazi," alijibu Shangazi aliyechoka. Kwanini hakulala vizuri.

Jumamosi uwanja wa posta ulijaa. Walikuwapo wauza mboga, makarani wa posta, wanafunzi, hata kinyozi alifunga duka lake. Shuka lilikunjuliwa, na mtangazaji wa redio, dada mmoja mchangamfu mwenye kinasa sauti, akapita akihesabu viraka.

"Mia moja kamili!" alisema.

"Tisini na tisa," alimsahihisha Shangazi.

"Nimehesabu mara mbili, mama."

Shangazi alikunja uso. Kabla hajasogea, mwanamke mmoja alikuwa ameshainama mbele ya pembe ya chini ya shuka. Alikuwa Mama Upawa. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kisha akarudia kusoma. Halafu akaketi chini kwenye vumbi.

"Nani ameleta habari?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Kwanini hakuwahi kuisikia kwake. "Mmempata wapi mwanangu? Dada, umejua tangu lini ukaninyamazia?"

Shangazi alipiga magoti kando yake. "Dada, sijui lolote. Wallahi sijui."

Mwenyekiti alipenya katikati ya watu. "Fundi, nani alikaa kigodani kwa ajili ya kiraka hiki?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo kimebuniwa! Si nilisema? Si nilisema mimi?" Aligeukia umati na kunyoosha mikono. "Kunjeni shuka lenu!"

Shangazi alishika kile kiraka, akautazama mshono wake. Fundi huutambua mshono wa mwanafunzi wake. Kwanini aliona mabega ya Shangazi yakishuka, akajua kwamba amejulikana. Alisubiri kuitwa. Lakini Shangazi hakumtazama hata kidogo.

"Shuka liko mikononi mwangu," alisema Shangazi. "Lawama ni yangu."

Kwanini angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angemtaja. Shangazi angeitwa mwongo mbele ya mtaa mzima, uwanja ungepotea, na yeye angekwenda nyumbani kunywa chai. Chai gani hiyo ingepita kooni? Machozi yalimtangulia, miguu ikafuata.

"Ni mimi," alisema. "Shangazi hakujua. Nimekishona mimi jana."

Mama Upawa aliinua uso. "Nani alikuambia?"

"Nilisikia watu wakisema. Hakuna habari yoyote iliyokuja, mama. Mimi nilitaka viraka vifike mia. Sijui kama amekufa. Hakuna anayejua."

"Sema tena."

"Hakuna anayejua, mama."

Mama Upawa alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa majini. Akainuka, akapangusa vumbi. Shangazi alimpa mkasi mdogo, lakini akaukataa.

"Aliyeshona ndiye afumue. Na nimtazame akifumua."

Kwanini alifumua. Uzi mmoja mmoja ulitoka huku watu wote wakimwangalia. Hakuwahi kujua kwamba maneno machache vile yana mishono mingi namna hiyo. Alipomaliza, pembe ya shuka ilibaki tupu kama ilivyokuwa.

"Nimekukasirikia," Mama Upawa alimwambia, "na nitakukasirikia mpaka nichoke mwenyewe. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Mtangazaji alisogea taratibu. "Sasa mimi niseme nini redioni?"

"Sema ni tisini na tisa," alijibu Shangazi, "na useme kwamba tulikosea kimoja, tukakifumua mbele ya watu."

"Mmeona wenyewe!" Mwenyekiti alidakia. "Wamekiri! Hawaaminiki hawa."

Hapo Mama Upawa aligeuka. Wanafunzi wa shule ile walirudi nyuma hatua moja, maana walimjua akigeuka vile.

"Ngoja kwanza, Mwenyekiti. Miezi mitatu mtaa huu unamzika mwanangu nyuma ya mgongo wangu. Nikipita mnanyamaza, nikishapita mnaanza. Kuna hata mtu mzima mmoja aliyenijia usoni?" Kinyozi alipata shughuli ya ghafla ya kutazama viatu vyake. "Mtoto huyu ameniumiza, tena sana. Lakini ameniumiza asubuhi hii na kukiri asubuhi hiihii, mbele yangu, hakuna aliyemlazimisha. Mimi hawa watu nawaamini. Siku wakiniambia jambo, nitajua ni kweli."

Akaenda kwenye shuka, akashika pindo palepale penye nafasi tupu. "Simshonei mtu kiraka mimi," alisema. "Nasimama kwa sababu mwanangu yuko barabara za vita, nami namtaka arudi. Nani atanikataza?"

Mwenyekiti alimtazama Mama Upawa, akatazama umati, kisha akavua kofia yake.

"Nusu saa, si ndiyo?" aliuliza.

"Nusu saa," alisema Shangazi.

"Basi simameni. Na Jumamosi ijayo, vilevile."

Walisimama. Uwanja mzima ulinyamaza, hata baiskeli zilisukumwa kwa mkono.

Walipofika nyumbani, Kwanini hakujua aanzie wapi. "Kwa nini hukunitaja, Shangazi?"

"Ukweli ulikuwa mikononi mwako. Ningekupokonya, ungejifunza nini?" Shangazi aliketi, akavua viatu. "Lakini nisikilize. Vita vile vilianza kwa watu kusikia uvumi na kuushika kama kweli. Na vinaendelea kwa sababu wakubwa wanahesabu watu bila kuwaona. Wewe jana ulifanya yote mawili, kwa sindano. Nia yako ilikuwa njema nusu, najua. Sisi hatuna bunduki wala vyeo, mwanangu. Tuna neno letu tu, na watu wakiacha kuliamini, turudi nyumbani tukalale."

Kwanini alilia sana, na Shangazi akamwacha alie.

Jumatatu alfajiri, kabla kengele haijalia, alikwenda jikoni shuleni. Mama Upawa alikuwa akipuliza moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuomba chakula au kuomba msamaha?"

"Msamaha, mama."

"Chukua ungo huo, uchambue maharage."

Kwanini aliketi, akachambua. Kisha Mama Upawa akasema, bila kuinua macho, "Unajua ulinifanya nini? Dakika ile nilimwona mwanangu kaburini. Nilimwona kabisa. Mtu akikuambia jambo la kifo, mwanangu, hawezi kulirudisha hata akitaka. Kwa hiyo usiseme usichokijua. Uliza, hata kama ni vigumu kuuliza. Ungekuja hapa ukaniuliza, ningekuambia kwamba bado namngoja."

"Sitarudia, mama."

"Najua. Anayetaka kurudia hakiri mbele ya redio." Alitupa kokoto moja nje ya ungo. "Jumamosi nitakuja tena. Uniwekee nafasi karibu nawe, niiangalie hiyo mikono yako."