Kahawa ya Kijani Kikapuni mwa Mama

Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, Zita alimfunga mama yake vifungo vya gauni. Kisha alimshikia kikombe cha chai, kwa maana vidole vya Mama Mektrida viliamka vimevimba na kukakamaa, havikunjiki. Mpaka saa mbili hivi ndipo vilipoanza kulegea.

"Ni baridi ya mlima tu," mama alisema. "Usimwambie baba yako. Wakati huu wa mavuno, watu watasema nimekuwa mvivu."

Zita, binti wa miaka kumi na miwili, aliahidi. Siri ya mama si ya kutangaza, sivyo? Lakini siri hiyo ilianza Pasaka, na sasa ilikuwa Agosti.

Jumamosi moja waliingia kihambani, shamba lao la nyumbani, alfajiri kuchuma kahawa. Kwao, kuchuma si kukwanyua. Vidole huchagua punje nyekundu moja moja, na za kijani huachwa zisubiri zamu yao. Siku hiyo vidole vya mama viligoma kuchagua. Vilivuta tawi zima, nyekundu kwa kijani, na kikapu kikajaa upesi.

Mchana Baba Leodegar alimwaga kahawa kwenye turubai. Lo! Uso ulimbadilika.

"Zita! Nani amekufundisha kuchuma hivi? Unachezea jasho letu?"

Zita alimtazama mama. Mama alikuwa ameinama, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Nisamehe, baba," Zita alisema.

"Basi huchumi tena. Kuanzia Jumatatu mama yako atachuma peke yake, yeye anaijua kazi."

Peke yake? Na vidole vile? Zita hakuweza kuficha tena.

"Baba, nimesema uongo. Si mimi. Mama hawezi hata kufunga vifungo vyake asubuhi."

Baba aliishika mikono ya mkewe. Maungio yalikuwa ya moto. Hasira yote ikamwishia palepale.

"Mektrida, jamani! Kwa nini hukuniambia?"

Jumatatu waliteremka wote hospitali, Moshi mjini. Zamu yao ilifika saa nane mchana, na vidole vilikuwa vimeshalegea.

"Afadhali sasa, daktari," mama alianza. "Ni baridi tu."

Zita akakohoa. Mama akacheka bila kupenda. "Haya, mwambie wewe."

Zita akamweleza Daktari Prachi yote: vifungo, kikombe, saa mbili. Daktari akaminya maungio taratibu, kisha akaagiza damu ipimwe.

Majibu yalipotoka, aliwaeleza bila haraka. "Kipimo kimoja kinaonyesha kuna uvimbe unaoendelea mwilini. Vingine vimekuta kingamwili. Hizo ni askari wa mwili, kazi yao kupigana na vijidudu. Kwa mama, askari wamegeukia maungio yake mwenyewe. Watu huuita ugonjwa huu baridi yabisi, lakini hauletwi na baridi, wala si uvivu. Mmewahi kabla maungio hayajaharibika. Dawa zipo. Zitachukua wiki nyingi kufanya kazi, na tutapima damu tena na tena."

Asubuhi moja ya Novemba, Zita aliamka akaenda kufunga vifungo kama kawaida. Alimkuta mama jikoni, anamimina chai.

"Umefunga mwenyewe?"

"Hadi cha shingoni! Kaa unywe."

"Na mimi samahani yangu nilishaisema?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Mara tano, baba," Zita alijibu, na wote wakacheka.

Mama aliweka birika chini. "Mwanangu, nilikufundisha vibaya. Nilidhani kuficha maumivu ndiko kuvumilia. Ukiona mtu unayempenda anaumia, sema, hata kama aliomba unyamaze. Ungenyamaza, nisingekuwa na mikono hii. Haya, sogea hapa, shati lako la shule liko wazi."

Polepole, bila kukosea, vidole vya mama vikamfunga Zita kifungo cha juu.