Nati Alizochomelea Cheche

Majirani, hebu sogeeni, hasa ninyi wakaidi msioambilika.

Asubuhi ile karakana ya ushonaji ilikuwa shwari. Cherehani zilinguruma taratibu, na mchomeleaji tunayemwita Cheche alikaa mlangoni akinywa chai ya mkewe, mwenye karakana. Jengo lilikuwa la chuma, ramani yake imechorwa na binti yao. Kila nguzo na kila kenchi ya paa ilifungwa kwa bolti na nati, ikaandikwa namba, ili siku ya kuhama lifunguliwe likasimamishwe kwingine.

"Baba, tafadhali, usichomelee hata nati moja," binti alimsihi walipolijenga.

"Sawa, mwanangu."

Thubutu! Alipopewa mgongo tu, akachomelea nati za upande wote wa kushoto. Eti wezi wasizifungue! Umeme ulipokatika ndipo akaacha, akala jiwe, asimwambie mtu.

Sasa, chai haijaisha, binti akaingia mbio. "Mama! Barabara inapanuliwa! Tingatinga linakuja kesho asubuhi!"

"Lije litukute tumeshahama!" mama akaruka. "Leteni spana!"

Weee! Mngekuwepo mngefurahi! Watu walijaa, spana zikalia, kenchi za kulia zikashuka moja baada ya nyingine, na kila iliposhuka watu walishangilia kama wamefunga bao. Hata Cheche alijisahau, akapiga mluzi. Kisha wakahamia kushoto.

"Mbona hii haizunguki?" mama akauliza.

"Na hii pia," binti akasema. Akainama, akaichunguza. "Baba?"

Cheche alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilizichomelea. Niliogopa wezi."

Mkewe akashusha spana. "Mume wangu, mwizi gani angetuibia nusu ya jengo?"

Maskini Cheche, alikata kwa mashine mpaka mikono ikafa ganzi, lakini tingatinga halikumsubiri. Upande wa kushoto uligeuka chuma chakavu mbele ya macho yake.

Leo karakana imesimama mtaa wa pili, chuma kilekile, namba zilezile, ila ni nusu. Cherehani zilizokosa nafasi zimejaa sebuleni kwa Cheche. Kila jioni hupita katikati ya cherehani hizo kwa ubavu kwenda kulala.

MAFUNZO

Jengeni mkijua kuna siku ya kuhama. Chuma kilichofungwa vizuri hufunguka kikajenga tena. Na ukikosea, sema mapema! Cheche alikuwa na miezi tele ya kuzikata nati zile, akachagua kunyamaza.